Njia ya Kiu: Kutoka Rabai Hadi Taveta

Msomaji, wewe ukaaye katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ambako mvua hunyesha karibu kila mwezi na vilima havipotezi ukijani wake, pengine hujapata kuijua kiu iliyo kiu. Kwenu mto ni kitu cha kuvukwa, wala si kitu cha kutafutwa. Lakini chai ya nchi yenu hailijui hilo. Tangu mwaka wa 1969, mnada wa chai ulipohamishwa kutoka Nairobi hadi Mombasa, shehena hizo huteremka kuelekea pwani, na kabla ya kuinusa bahari hazina budi kupita Taru, nchi ya miiba na vumbi jekundu. Leo dereva huipita kwa saa chache. Natutwae basi njia ile ile kwa miguu, kama walivyokwenda watu wa karne ya kumi na tisa, tuone ilikuwa na thamani gani.

Msafara ulianza Rabai, nyuma ya Mombasa, mahali pa minazi na upepo wa bahari. Mbele alitangulia kiongozi na bendera yake. Nyuma yake wapagazi walifuatana mmoja mmoja, kwa maana njia ilikuwa nyembamba. Kila mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, ndiyo ratili 70, kichwani au begani: marobota ya amerikani, shanga, au waya wa kubadilishana na pembe za ndovu. Juu ya mzigo huo aliongeza mkeka wake, chakula chake na kibuyu cha maji. Kibuyu hicho kilikuwa chepesi kuliko vitu vyote alivyochukua, na ndicho kilichokuwa roho yake.

Siku chache tu baada ya Rabai, minazi ilikwisha, na nyika ikaanza. Hapo Taru maji yalipatikana katika mashimo ya mawe yaitwayo ngurunga, ambayo hushika maji ya mvua. Mvua ikiwa imenyesha, msafara ulikunywa ukajaza vibuyu. Ikiwa haikunyesha, watu walikuta matope, au mawe makavu. Toka hapo hadi kilima cha Maungu ni zaidi ya maili 30, wala hapakuwa na maji ya kutegemewa katikati. Na hata walipofika Maungu, maji hayakuwa chini penye kambi, bali juu kilimani. Fikiri, msomaji: mtu amekwenda siku mbili na mzigo kichwani, miguu imechomwa na miiba, kisha aambiwa apande mlima ndipo anywe!

Wapagazi walikuwa na hila yao ya kuishinda nchi hiyo, nayo waliiita kutelekeza. Hawakuondoka alfajiri kama siku nyingine. Walipika na kunywa mchana penye maji, wakaondoka alasiri jua lilipoanza kulegea, wakaenda hadi usiku, wakalala pakavu, kisha wakaondoka tena mapema wapate kufika penye maji kabla ya jua kali. Hivyo mwendo wa siku mbili ulihitaji usiku mmoja tu usio na maji. Hila hiyo haikuandikwa na mtaalamu yeyote. Ilitungwa na miguu ya watu waliokuwa wamekwisha kuona wenzao wakianguka.

Wazungu walipokuja kuzuru bara, waliifuata njia hii hii. Mwaka wa 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa misafara, akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Wataalamu wengine huko London walikataa kuamini habari zake. Mwaka wa 1883 Joseph Thomson alitoka Rabai na wapagazi, akavuka Taru akafika Taveta, kisha akaendelea hadi nchi ya Wamaasai. Vitabu vingi vimeandika kwamba watu hao walizifungua njia za bara. Lakini jiulize: njia yenye jina kwa kila kisima ilikuwa imefungwa na nani? Waduruma, Wataita na Wakamba walizijua ngurunga tangu zamani, na wafanya biashara wa Mombasa walikuwa wakipita hapo na pembe zao. Mgeni aliyejua kupima nyota hakuweza kufika popote pasipo mtu aliyejua kutafuta maji.

Kutoka Maungu msafara ulipita vilima vya Wataita, ukavuka uwanda mwingine mkavu, ndipo ukaona mbele mstari wa kijani kibichi. Ndiyo Taveta, msitu mnene uliokua kando ya mto Lumi. Wenyeji walikaa ndani ya msitu huo kama ndani ya ngome, wakilima migomba. Hapo misafara ilipumzika siku nyingi, ikanunua chakula, ikaponya vidonda. Kaskazini yake, chemchemi za Mzima zilibubujika katikati ya nchi kavu, zikizungukwa na mikindu na miwale, zikaujaza mto Tsavo ambao wasafiri wa njia ya Ukambani walikunywa.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilikomesha mateso hayo, ingawa hata wajenzi wake iliwabidi waletewe maji kwa gari moshi walipokuwa Taru. Ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, njia ya wapagazi ilianza kuota majani. Majina ya wasafiri wakuu yamebaki vitabuni. Ya wapagazi, isipokuwa machache, yamepotea. Nao ndio waliochukua mizigo yote.

Lakini liko jambo moja ambalo njia hii yaweza kukufundisha wewe wa nchi ya mvua. Maji ya Mzima hayatoki Mzima. Ni mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu, ikazama katika mawe ya volkano, ikatokea mbali kule bondeni. Na tangu miaka ya 1950 hupelekwa kwa mabomba hata Mombasa. Maji ya Taveta nayo yatoka Kilimanjaro. Mitende ya bondeni huishi kwa rehema ya mlima ambao haiuoni.

Sasa utazame mto Nyangores upitao Bomet. Hutoka katika msitu wa Mau, hukutana na Amala ukawa mto Mara, ukateremka hadi nyanda kavu ambako watu na wanyama huungojea miezi ya kiangazi kama wapagazi walivyoingojea Taveta. Akataye mti huko juu hamwoni mwenye kiu huko chini. Wapagazi wa Taru walijua kwamba aliyetangulia kisimani akakichafua, amemwua anayekuja nyuma. Wewe, msomaji, umezaliwa penye kisima. Wako wengi wanaokuja nyuma.