Nyamirambo: Mtaa Uliokulia kwenye Cherehani

Kigali ilianza mwaka 1907, Mjerumani Richard Kandt alipojenga makao yake katika kilima cha Nyarugenge. Nyuma yake wakaja askari, wapagazi na wafanyabiashara kutoka pwani na bara ya Tanganyika, watu wa kanzu na Kiswahili, na pamoja nao Wahindi na Waarabu wenye mitaji. Wabelgiji walipoitwaa Rwanda mwaka 1916 waliwakuta wamekwisha kujikita sokoni. Katika miaka ya 1920 wakaanzisha mtaa wa pili wa mji, Nyamirambo, kwa ajili ya watumishi wa serikali na wafanyabiashara hao Waswahili. Ndiyo maana hadi leo msafiri wa Mombasa au Kigoma akishuka Biryogo, katika eneo la Nyamirambo, husalimiwa kwa lugha yake, ilhali Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017 tu. Mtaa ulitangulia sheria kwa takriban karne nzima.

Wageni huonyeshwa misikiti kwanza: ule wa kijani, Al-Fatah, ambao ni miongoni mwa ya kale kabisa mjini, kisha kituo kikubwa cha Kiislamu kilichojengwa kwa fedha za Libya na ambacho wengi bado wanakiita kwa jina la Gaddafi. Mimi ningewapeleka kwanza kwa fundi cherehani. Wakati wa ukoloni shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu alihofia mwanawe asije akarudi nyumbani amebatizwa. Asiye na cheti hakupata kazi ya ofisini. Kwa wengi ilibaki biashara, udereva na kazi za mikono. Watu waliosukumwa kando ya dola wakajifunza kumtegemea mteja anayepita, na anayemtegemea mpita njia hafanyi kazi yake uani. Cherehani ilitolewa barazani, penye mwanga, vitenge vikatundikwa mlangoni. Kujionyesha kwa karakana za Nyamirambo kulianza zamani, kabla ya mtalii wa kwanza kufika na kamera.

Kilichoongezeka karne hii ni kufundisha. Mwaka 2007 wanawake 18 wa mtaa huo walianzisha Kituo cha Wanawake cha Nyamirambo, kupambana na ukatili wa kijinsia na kuwafunza wenzao kusoma, kuandika na kushona bila malipo. Mwaka 2013 ukazaliwa mradi wao wa ushonaji, Umutima, yaani moyo: mikoba, aproni, nguo za watoto na vifuko vya kitenge. Gharama za haya yote zinatoka wapi? Sehemu kubwa ni kwa mgeni. Wanamtembeza mitaani, wanampitisha saluni na sokoni, wanamketisha jikoni apike isombe, yaani kisamvu, wanamkaribisha ajaribu kusuka kikapu. Anacholipa kinarudi kulipia masomo. Nimeona miji mingi inayomgeuza fundi kuwa kitu cha kutazamwa. Hapa mgeni ndiye anayebabaika na sindano mkononi, na mwenyeji anamcheka kwa upole.

Na agaseke hakichezewi. Ni kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, tangu zamani zawadi ya harusi na chombo cha heshima katika nyumba za Rwanda. Tangu 2001 kimo hata katika nembo ya taifa. Msukaji huanzia katikati ya kitako. Hushika fungu jembamba la nyasi, akalizungushia uzi wa katani, akapitisha sindano katika duara lililotangulia, kisha akaendelea hivyo, duara juu ya duara. Mchoro hauchorwi popote: unahesabiwa kichwani, na uzi wa rangi ukiingizwa mapema kwa mshono mmoja, mstari wote unapinda hadi juu. Somo la mchana mmoja humtosha mgeni kuelewa kwa nini kikapu chema kina bei. Kujua kusuka ni habari nyingine.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, wajane na wake za wafungwa walikaa pamoja wakisuka vikapu hivi, na dunia ikavipa jina la vikapu vya amani. Mwaka 2005 kampuni ya Gahaya Links, ya ndugu wawili Janet Nkubana na Joy Ndungutse, ilianza kuviuza katika maduka ya Macy's nchini Marekani. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, soko la mbali lina wenyewe. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba, caguwa kama wasemavyo wenyewe, kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ili fundi wa nyumbani apate nafasi. Mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kusimamisha msamaha wa kodi kwa nguo za Rwanda. Mabishano ya wakubwa yakamfikia hadi mshonaji wa barazani.

Kwa hesabu hiyo, mteja aliyesimama mlangoni ana thamani kuliko oda ya ng'ambo inayoweza kufutwa kwa saini moja. Mwaka 2021 jiji lilifunga barabara moja ya Biryogo kwa magari, ikapakwa rangi na kuwekwa meza, na watu wakapata sababu nyingine ya kukaa. Wengi hunywa chai, hupiga picha na kuondoka. Kwa mafundi hilo halitoshi.

Basi ukipita Kigali, tenga asubuhi moja kwa Nyamirambo. Jiandikishe kwa akina mama wa Kituo, uketi, usuke, ukosee. Halafu nenda kwa fundi yeyote wa barazani, chagua kitenge, upimwe shati, ulipe bei uliyotajiwa na urudi kulichukua siku utakayoambiwa.