Ari ya wanafunzi wa uchumi katika elimu masafa, Kigoma

Ari ya kujifunza uchumi kwa masafa ni msukumo unaomfanya mwanafunzi aendelee na somo hilo akiwa mbali na mwalimu. Mkoani Kigoma inawagusa zaidi wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye kituo cha mkoa huko.

Historia

Elimu kwa njia ya posta ilikuwapo nchini miaka ya mwanzo ya 1970. Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, makao yake yakiwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wanafunzi wa sekondari wa michepuo yenye uchumi (EGM, HGE na ECA) nao walijikuta wakisoma nyumbani. Vipindi vya masomo vya redio viliwafaa kidogo, maana mchoro wa ugavi na mahitaji hauchoreki redioni. Kidato cha sita kilirudi darasani 1 Juni.

Vyanzo vya ari

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanataja mahitaji matatu: uhuru wa kuamua, kujiona unaweza, na ukaribu na wenzako. Elimu masafa hutoa la kwanza kwa ukarimu na kubania mawili yaliyobaki. Katika uchumi, pigo kubwa huangukia la pili. Sura hutegemeana, hivyo aliyekwama kwenye hesabu ya unyumbufu wa mahitaji hukwama pia kwenye kodi na bei. Akikosa wa kumsahihisha mapema, huona tatizo ni akili yake. Matumaini ya kupandishwa daraja kazini humfikisha mtu mzima kwenye usajili, lakini hayamfundishi takwimu. Vikundi vya kujisomea, ambamo kitabu cha Kiingereza hujadiliwa kwa Kiswahili, husaidia zaidi.

Mifano ya ziwani

Mwambao wa Ziwa Tanganyika una mifano tele ya kiuchumi ambayo vitabu vya kiada haviitumii. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa gizani. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hupungua mwaloni Kibirizi na bei huelekea kupanda. Biashara ya Ujiji na Kigoma na nchi za Kongo na Burundi hufundisha viwango vya kubadilisha fedha. Kusitishwa kwa uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ni somo zima la rasilimali ya pamoja.

Hali ya sasa

Masomo ya Chuo Kikuu Huria hupatikana kwa intaneti, kwa anayemudu bando.