Maneno ya Ufuko wa Ziwa Nyasa na Historia Iliyomo Ndani Yake

Mwalimu mgeni afikaye ufukoni mwa Ziwa Nyasa, au apandaye milima ya Umatengo hata Mbinga, hakawii kusikia maneno asiyoyaona katika kamusi yake. Mtoto akiandika "usipa" katika insha, mwalimu huyo hulifuta, akaandika juu yake "dagaa" kwa wino mwekundu. Katika makala haya twapenda kuonyesha ya kuwa neno la mahali si kosa. Mara nyingi ni kumbukumbu, na alifutaye hufuta pamoja nalo habari za watu.

Tuanze na huo usipa. Jina hili hutumika Tanzania na Malawi pia kwa samaki mdogo wa Ziwa Nyasa. Dagaa wa Kigoma ni samaki mwingine, na yule wa Ziwa Viktoria ni mwingine tena, ambaye Wajaluo humwita omena na Waganda mukene. Sokoni wote huitwa dagaa, kwa kuwa ni wadogo na huanikwa juani. Kwa mnunuzi jina hilo latosha. Lakini mvuvi asemapo usipa ametaja samaki mmoja wa ziwa moja. Kadhalika samaki mkubwa aitwaye mbasa upande wetu huitwa mpasa Malawi. Tofauti ni herufi moja tu, nayo yatukumbusha kwamba maneno yalivuka maji pamoja na mitumbwi.

Hata jina la ziwa lina historia. Nyasa kwa Kiyao ni ziwa, maji makubwa. Basi asemaye "Ziwa Nyasa" husema "ziwa" mara mbili. David Livingstone alifika huko mwaka 1859, na jina hilo likaandikwa katika ramani. Ufukoni wako pia Wampoto. Kwa Kinyanja mpoto ni kaskazini, kama mwera ulivyo kusini. Nasi twaona jina hilo lafaa kinywani mwa mtu aliyewatazama akiwa kusini. Kinyanja kilikuwa na nguvu huku kwa sababu wamisionari wa UMCA, wenye makao Likoma, walikitumia kanisani na shuleni hata Liuli, alikozikwa Arkidiakoni William Percival Johnson mwaka 1928. Ndiyo maana katika vitabu vya zamani vya Likoma twasoma Mulungu mahali pa Mungu. Kizazi kilichofundishwa sala kwa lugha hiyo kinatoweka.

Milimani habari ni nyingine. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835, na baadaye baadhi yao wakafika nchi ya Songea. Lugha waliyokuja nayo ilimezwa na lugha za watu waliowashinda, lakini maneno ya utawala na vita yalisalia, kama vile nduna. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wadachi mwaka 1906 kwa ajili ya vita vya Maji Maji, na mji wachukua jina lake. Wamatengo nao, walioyakimbia mashambulio ya Wangoni, walishika milima mikali, wakalima kwa mashimo yaitwayo ngoro, yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua. Nchi ya ukoo katika mgongo mmoja wa mlima, katikati ya vijito, huiita ntambo. Ni neno gani moja la kamusi litakalotaja mlima, maji na ukoo kwa pamoja?

Wageni pia waliacha maneno. Wadachi waliiita Liuli Sphinxhafen. Jina hilo limekufa, lakini sarafu yao ya heller, iliyoanza mwaka 1904, imebaki vinywani, maana hela hata leo ni fedha. Na wanaume wa Songea na Mbinga waliokwenda kukata mkonge Tanga waliandikwa kwa namba, wakaitwa manamba. Neno hilo ni fupi, lakini limebeba uchungu wa mtu aliyeitwa kwa hesabu badala ya jina la baba yake.

Wengine watauliza: Kila mahali pakishika maneno yake, tutaelewanaje? Swali hili ni la haki. Katika nchi zisemazo Kihispania, guagua kwa watu wa Cuba ni basi, bali kwa watu wa Chile ni mtoto mchanga. Mcuba akisema huko kwamba amepanda guagua, watu watashangaa! Kwetu pia "ndoo" Mombasa ni kumwita mtu aje, na Unguja ni chombo cha maji. Kwa hiyo Kamati ya Lugha, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilifuata Kiunguja ili vitabu vya shule viwe na usemi mmoja. Kazi hiyo ilifaa sana. Lakini usemi wa vitabu uliwekwa ili watu wa mbali waelewane, wala haukuwekwa ili mtoto aone haya kwa maneno ya mamaye.

Basi yatupasa, walimu na mapadri, kumfundisha mtoto yote mawili: aandike dagaa anapomwandikia mtu wa Dodoma, na usipa anapoeleza kazi ya baba yake. Tena kila mmoja wetu awe na daftari, aandike neno, kijiji lilikosikiwa, maana yake kwa wenyeji, na mwaka. Kazi hii haitaki fedha. Yataka kalamu, na kwenda kwa wazee wangali hai.