Nkejje wa Port Bell na ugomvi wa ukoo wake

Mwaka 2024 ilitimia miaka 70 tangu sangara wapandikizwe kimyakimya katika Ziwa Victoria, huko Jinja, huku watafiti wa ziwa wakipinga. Habari za sangara na viwanda vya minofu zimeandikwa mno. Aliyesahauliwa ni aliyemezwa: furu, ambaye Waganda humwita nkejje, na ambaye ni mwiko wa ukoo mmoja wa Buganda.

Mjerumani Hilgendorf ndiye aliyetoa jina la kisayansi la furu, Haplochromis, mwaka 1888. Mtaalamu wa samaki Regan wa London akawapanga upya mwaka 1922. Kisha akaja Humphry Greenwood, aliyefanya kazi Jinja miaka ya 1950, akaanza kuchunguza meno na taya zao: huyu huvunja konokono kooni, yule hukwangua mwani kwenye mawe, mwingine hupokonya mayai na vichanga kinywani mwa mama mwingine. Karibu wote walikuwa jenasi moja. Mwaka 1979 na 1980 Greenwood aliigawa jenasi hiyo vipande vingi, akishikilia kwamba samaki wapangwe kwa nasaba, kufanana pekee hakutoshi. Watafiti Waholanzi wa Leiden, waliokuwa wakichunguza furu Mwanza, hawakuridhika. Walikuwa wakipata samaki ambao hawakuingia sawasawa katika mafungu yake, na baadhi ya watafiti hao wakarudi kwenye jina la kale. Hadi leo mabingwa hawajapatana. Kwangu, Greenwood anastahili heshima hata na wanaompinga: aliwapa samaki hawa wa maskini uzito waliopewa tembo na simba.

Mabishano yakiendelea, miaka ya 1980 sangara waliongezeka ghafla na kuwameza furu. Kati ya spishi za furu 500 na zaidi, takriban 200 hudhaniwa zimetoweka, nyingi bila jina rasmi.

Waliosalia wanakabiliwa na maji machafu. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walieleza kwamba jike wa furu humchagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka rangi hazionekani, na spishi huchanganyika. Ghuba ya Murchison, iliko Port Bell, hupokea maji ya mfereji wa Nakivubo pamoja na taka za Kampala. Ni aibu, kwa kuwa ghuba hiyohiyo huchotwa maji ya kunywa pale Ggaba.

Vielelezo vya furu vya Greenwood viko London, vya Waholanzi viko Leiden. Uganda ina Makumbusho yake Kampala, na ina haki ya kudai sehemu ya vielelezo hivyo.