Shahada ya uandishi wa habari: Mambo ya kupima kabla ya kulipa ada

Matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, mazungumzo katika nyumba nyingi za Lushoto hubadilika ghafla. Kijana aliyezoea kusoma taarifa ya habari mstarini shuleni hutamka kwamba anataka kuwa mwandishi wa habari. Mzazi, ambaye ada yote ya sekondari aliitoa katika karoti, kabichi na viazi vilivyoshushwa Mombo kwa lori, huuliza swali moja tu: shahada hiyo italeta nini nyumbani?

Swali hilo si la dharau. Kwa kijana wa Milima ya Usambara, kusomea uandishi wa habari katika ngazi ya shahada ni kuihama milima hiyo. Anayetaka sheria anacho Chuo cha Uongozi wa Mahakama mjini Lushoto, ambako aweza kuanza na cheti au stashahada akilala kwao. Anayetaka shahada ya habari hana budi kwenda Dar es Salaam, Mwanza, Iringa au kwingineko, na juu ya ada huongezeka kodi ya chumba, chakula na nauli kwa miaka mitatu.

Ili swali la mzazi lijibiwe kwa haki, yafaa kutenganisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: sheria inadai nini, kazi inadai nini, na chuo kikuu kinatoa nini.

Sheria inadai stashahada

Wengi hudhani kwamba serikali inamtaka kila mwandishi awe na shahada. Sivyo. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilianzisha utaratibu wa ithibati kwa waandishi, na kanuni zake za mwaka 2017 ziliweka kiwango cha chini cha elimu kuwa stashahada ya uandishi wa habari au fani inayohusiana nayo. Waliokuwa tayari kazini bila kiwango hicho walipewa kipindi cha miaka mitano cha kujiendeleza.

Utaratibu huo ulipingwa. Mwezi Machi 2019, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vikiwemo vya ithibati, vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Shauri hilo lilifunguliwa na Baraza la Habari Tanzania pamoja na mashirika mawili ya kutetea haki za binadamu. Hata hivyo, utaratibu wa ithibati haukufutwa, na mwaka 2025 Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari ilizinduliwa na kuanza kutoa vitambulisho.

Kwa kijana anayepanga maisha yake, maana yake ni hii: asiye na stashahada anaanza kazi akiwa na kikwazo mbele ya sheria. Lakini mwenye stashahada na mwenye shahada, mbele ya bodi hiyo, wamevuka kizingiti kile kile.

Wapo walioandika bila shahada hiyo

Historia ya uandishi katika nchi hii ni ndefu kuliko historia ya shahada yake. Katika Usambara yenyewe, Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyefariki mwaka 1912, alikusanya simulizi za watawala wa Kilindi waliokuwa na makao yao Vuga, akaziandika katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Sehemu ya kwanza ilichapwa katika misheni ya Magila, Muheza, mwishoni mwa karne ya 19. Kuuliza wazee, kulinganisha maneno yao na kuyapanga kwa mfululizo ni kazi ambayo mhariri wa leo angeitambua mara moja.

Shaaban Robert wa Tanga, aliyekuwa karani wa serikali, aliandika katika gazeti la Mambo Leo bila kupita chuo kikuu chochote. Benjamin Mkapa, aliyehariri magazeti ya The Nationalist, Uhuru na Daily News kabla ya kuingia katika siasa na hatimaye kuwa Rais, alikuwa na shahada, lakini ya Kiingereza, kutoka Makerere.

Mafunzo rasmi yalikuja hatua kwa hatua. Nyegezi, Mwanza, kilikuwapo chuo cha mafunzo ya jamii cha Kanisa Katoliki kilichofundisha uandishi wa habari, na mwaka 1998 kikawa msingi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1975, kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Leo ni Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma.

Mifano ya wazee hao isimpotoshe kijana wa sasa. Wao waliingia kazini wakati wasomi walikuwa wachache na mlango haukuwa na bawabu. Leo bawabu yupo, na waombaji ni wengi.

Hesabu ya miaka na fedha

Kwa kawaida, mhitimu wa kidato cha sita mwenye alama kuu mbili zinazokubalika huingia chuo kikuu moja kwa moja na kusoma miaka mitatu. Asiyefikia hapo aweza kuomba stashahada, ambayo mara nyingi humchukua miaka miwili. Mhitimu wa kidato cha nne naye huanza na cheti cha mwaka mmoja, kisha huendelea na stashahada. Njia hizo hazifungani: mwenye stashahada yenye ufaulu mzuri aweza kuomba shahada baadaye, akiwa tayari ana kazi mkononi.

Upande wa fedha una kitendawili chake. Stashahada ni fupi, lakini mzigo wake mara nyingi huangukia familia. Shahada ni ndefu, lakini mwanafunzi wake aweza kuomba mkopo katika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Ni kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 tu ambapo mikopo ilipanuliwa kwa wanafunzi wa stashahada, nayo kwa fani za kipaumbele kama afya, ualimu na uhandisi. Mwombaji hana budi kusoma mwongozo wa mwaka wake kabla ya kuamua.

Ikumbukwe pia kwamba mkopo si zawadi. Kwa mujibu wa sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Mwenye mshahara wa Sh600,000 hukatwa Sh90,000 kabla hajalipa kodi ya nyumba.

Kazi yenyewe inalipaje

Hapa ndipo ukweli mchungu ulipo. Waandishi wengi wa mikoani na wilayani si waajiriwa. Ni waandishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa kila habari iliyochapishwa au kurushwa; habari isiyotumika haina malipo, hata kama iligharimu nauli ya kwenda Mlalo na kurudi. Udhaifu huo ndio unaolea utegemezi wa bahasha kutoka kwa waandaaji wa shughuli, jambo ambalo maadili ya taaluma hulikataza na ambalo hakuna cheti kinachoweza kuliondoa peke yake.

Mhariri anayempokea mwandishi mpya hutazama kwanza kazi zake, wala si karatasi zake. Huuliza kama anaandika Kiswahili safi, kama anahakiki jina na tarakimu, kama anarudi na habari siku ile ile. Kijana aliyefanya mazoezi katika redio ya wilayani akiwa likizo huweza kumtangulia mwenye daraja la kwanza ambaye hajawahi kumhoji mtu.

Shahada inapolipa

Pamoja na hayo, si haki kusema shahada haina thamani. Kuna habari ambazo haziandikiki kwa kipaji na ujasiri pekee.

Mfano upo Usambara. Kiwanda cha chai cha Mponde, katika Halmashauri ya Bumbuli, kilifungwa mwaka 2013 kufuatia mgogoro kati ya wakulima na mwekezaji, na uzalishaji ukasimama kwa miaka kadhaa. Kueleza kwamba wakulima wana hasira ni kazi ya siku moja. Kueleza ubinafsishaji ulifanyikaje, hisa ni za nani, mkataba unasema nini na nani anadaiwa nini, kunahitaji mtu anayesoma nyaraka za kisheria na hesabu za kampuni bila kutishika. Uwezo huo ndio ambao miaka mitatu ya chuo kikuu, ikitumiwa vizuri, hujenga.

Aidha, shahada hufungua milango nje ya chumba cha habari: ofisa habari wa halmashauri, ofisa uhusiano wa shirika, mhadhiri, au masomo ya uzamili. Katika utumishi wa umma, ngazi ya elimu huamua cheo cha kuanzia na mshahara wake. Kwa anayelenga huko, stashahada itamfikisha nusu ya safari.

Ipo pia njia ya tatu, ambayo familia nyingi hazielezwi: kusoma shahada ya somo lenye maudhui, kama sheria, uchumi, kilimo au mazingira, kisha kuongeza stashahada ya uzamili ya uandishi wa habari. Mwandishi anayeijua sheria ya ardhi au kilimo cha chai huwa na kitu ambacho wenzake kumi hawana.

Maswali matano ya kuuliza

Kabla ya kulipa ada, mzazi na kijana wanashauriwa kupata majibu haya:

- Je, chuo kinatambuliwa? Vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na vyuo vya stashahada na NACTVET.
- Je, chuo kina studio, kamera na gazeti au redio ambayo wanafunzi huitumia kweli?
- Je, mafunzo kwa vitendo ni ya muda gani, na chuo husaidia kutafuta nafasi?
- Wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi? Yafaa kuwatafuta wawili na kuwauliza wenyewe.
- Je, kijana amekwisha kuandika chochote pasipo kulazimishwa?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kijana aliyekwisha kuzunguka soko la Lushoto na daftari, akauliza kwa nini bei ya karoti shambani haifanani na ile ya Dar es Salaam, akaandika jibu lake, ataitumia shahada kama mkulima anavyotumia jembe. Asiyewahi kufanya hivyo aanze na likizo moja katika redio au kwa mwandishi wa wilaya. Likizo hiyo haina ada, nayo huenda ikaiokolea familia miaka mitatu ya gharama.