Kalamu ya Wino ya Kuiga Katika Mwambao wa Rumonge

Neno kalamu asili yake ni tete. Wagiriki waliliita tete kwa jina hilo, Waarabu wakalichukua, nasi tukalipokea kwao. Na Warundi nao husema ikaramu. Yafaa kulikumbuka jambo hili, kwani katika mwambao wa Burundi, tangu Rumonge hata Nyanza-Lac, tete lilitangulia nibu ya chuma. Wafanyabiashara wa Ujiji waliokuwa wakivuka ziwa katika karne ya 19 walikuja na hati za Kiarabu, na walipokaa wakafungua vyuo vya Kurani. Mwanafunzi wa chuoni alichonga tete lake kwa mshazari ili mstari uwe mnene hapa na mwembamba pale, akaandika juu ya ubao kwa wino wa masizi na gundi.

Nibu ilikuja na dola. Wajerumani walitumia Kiswahili katika ofisi zao, na Wabelgiji, walioshika nchi mwaka 1916, wakaleta shule za Kifaransa pamoja na kalamu ya kuchovya na kichupa cha wino. Kalamu ya wino yenye kifuko chake ndani ilikuwa kitu cha mkubwa wa ofisi. Fikiri Parker 51 ya Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1941: nibu ya dhahabu iliyofichwa ndani ya kichwa chake ili wino usikauke, kifuniko cha kuchomeka pasipo kuzungushwa, kishikizo chenye umbo la mshale. Bei yake ya kwanza ilikuwa dola 12.50, fedha ambayo mwalimu wa shule ya msingi hakuweza hata kuiota.

Umbo hilo ndilo lililoigwa huko Shanghai. Kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1931, na kilichochukua jina la Hero mwaka 1966, kilitengeneza kalamu kadhaa za namna hiyo. Iliyoenea kuliko zote ni ile ya namba 616: kichwa kile kile, mshale ule ule, ila nibu ni ya chuma, na wino huvutwa kwa kubonyeza kifuko cha ndani mara nne au tano. Wapo wanaoiita kalamu bandia. Mimi siwakubali. Bandia ni kitu kinachodai jina lisilo lake. Hero iliandikwa Hero. Iliiga umbo, haikuiba jina. Tena kwa mtu asiyepata kuishika Parker maishani mwake, hiyo ya kuiga ndiyo ilikuwa kalamu yenyewe.

Njia ya bidhaa kuelekea ziwani ilikuwa ya zamani. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa mapatano ya 1921 mizigo ya Burundi ilipitia Dar es Salaam na Kigoma. Reli ya Uhuru ilipojengwa kati ya 1970 na 1975, sehemu ya gharama zake za nchini ililipwa kwa fedha za mauzo ya bidhaa za Kichina, na kwa hiyo maduka ya Tanzania yakajaa vitu vya China.

Miaka hiyo hiyo mwambao huu uliona msiba. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, na waasi wakawaua Watutsi wengi. Serikali ya Micombero ililipiza kwa kuwaua Wahutu kwa makumi ya maelfu, ikiwaandama hasa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Kalamu iliyochomekwa mfukoni kifuani ilikuwa alama ya msomi, na mwaka ule usomi ulitosha kumpeleka mtu kaburini. Waliookoka walikimbilia Tanzania, wakakaa Katumba na Ulyankulu, na huko watoto wao wakasoma kwa Kiswahili. Anayeandika historia ya kalamu katika mwambao huu hana budi kuhesabu na mikono iliyokatizwa.

Sasa nigusie matumizi, maana kalamu hizi zingali zinauzwa, japo biki imezishinda. Wino wa masizi wa chuoni usitiwe humo kamwe: chembe zake huziba mfereji wa nibu, na gundi ikishakauka haitoki kwa urahisi. Dawa ni maji ya uvuguvugu, yavutwe na kutolewa hata yawe meupe. Jambo la pili huwasumbua wasafiri. Ziwa liko kiasi cha mita 773 juu ya bahari, nao mji wa Bururi uko juu yake kwa karibu mita 1,000. Apandaye mlima na kalamu iliyojaa nusu atakuta shati limechafuka, kwa sababu hewa iliyo ndani ya kifuko hutanuka na kuusukuma wino nje. Kalamu na ijazwe pomoni kabla ya safari, ama imwagwe kabisa, na isimamishwe nibu ikiwa juu.

Wakati wa kununua, mtu aandike nayo palepale dukani. Nibu ikikwaruza karatasi airudishe. Hadhari hiyo inahitajika zaidi siku hizi, kwa kuwa Hero 616 nayo imeghushiwa, jina na yote, na watu wasiojulikana.