Hesabu Isiyoandikwa Kadini

Mwaka 1906, ewe msomaji, chama cha gofu kilianzishwa Nairobi, kile kiitwacho leo Royal Nairobi. Uwanja wake u karibu na Barabara ya Ngong, magharibi ya jiji. Enzi ya ukoloni Wazungu walicheza, na Waafrika wakawabebea mikoba. Kadi ya mchezaji ilionyesha mapigo tu: ya kila shimo, kisha jumla ya mashimo 18. Lakini mbeba mikoba, aliyefuatana naye hatua kwa hatua, aliona mpira uliopotelea vichakani na mapigo yaliyopotea hatua mbili kutoka shimoni. Wachezaji wawili wenye jumla ya 90 huenda hawakukosea mahali pamoja. Basi nawe, urudishiwapo mtihani, usitazame jumla peke yake; tafuta ulipokosea.